Pori Tupu Lina Sababu Yake

Wengi wanaoniuliza kuhusu shamba langu la Sikonge, mkoani Tabora, huanza na bei. Ekari moja nimeipata kwa shilingi ngapi, dalali wangu ni nani, na je, maeneo ya jirani bado yapo? Nawaelewa, pesa ni ngumu. Lakini kwa mtu anayetafuta mahali pa kuishi pasipo na nyumba nyingine mbele ya macho, bei ni swali la tatu au la nne. La kwanza ni hili: kwa nini hapa hapana watu?

Nchi hii haikuanza kukaliwa jana. Watu wamelima, wamechunga, wamehama na wamerudi, kizazi baada ya kizazi. Mahali penye udongo wa maana, maji ya karibu na njia ya kupitika mwaka mzima hapawezi kukaa wazi pakikusubiri utoke Dar es Salaam na kiinua mgongo chako. Pakiwa wazi, pana jambo. Kazi yote ya kutafuta ni kulijua jambo hilo kabla hujatoa hata shilingi, kisha kuamua kama unaweza kuishi nalo.

Niseme kwanza kwa nini nautaka upweke huu, maana nikiwaeleza ndugu zangu wananiangalia kama niliyekosana na mtu. Sijakosana na mtu. Nilizaliwa Tabora mjini, Ng'ambo, nikaenda Dar kutafuta maisha, na sehemu kubwa ya utu uzima wangu nimeishi nyumba za kupanga: korido moja, vyumba sita, choo kimoja, jiko la mkaa mlangoni. Kuta zile zinapitisha kila kitu. Nilijua mpangaji wa chumba cha tatu amepata mshahara lini na wa chumba cha tano analilia nini. Watu wale walikuwa wema sana kwangu. Nilipougua walinipikia uji na kunifulia. Ila kuna uchovu unaotokana na kusikia na kusikiwa kila saa, na nimeubeba miaka mingi. Nataka kuamka nisikie ndege. Nataka kuongea peke yangu kwa sauti bila mtu kuuliza nilikuwa naongea na nani. Ni haja halali, na sioni sababu ya kuiombea radhi.

Nikarudi kwetu kutafuta. Tabora ni mkoa mkubwa kuliko yote nchini kwa eneo, zaidi ya kilomita za mraba 76,000, na sensa ya 2022 ilihesabu watu 3,391,679. Ukigawanya unapata watu 45 hivi kwa kilomita moja ya mraba, wakati Dar es Salaam ni zaidi ya 3,000. Kwa hesabu hiyo mtu anaweza kudhani anakwenda kuchagua tu. Lakini ndani ya zile kilomita za mraba zimo hifadhi, zimo mbuga za matope, yamo mapori ya mbung'o na mashamba ya watu ambayo kwa macho ya mgeni ni pori.

Hifadhi ndiyo sababu nzito kuliko zote. Sehemu kubwa ya mkoa ni misitu ya hifadhi na maeneo ya wanyamapori. Kuna Ugalla, iliyokuwa pori la akiba na mwaka 2019 ikapandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Huku Sikonge kuna Ipole, eneo la hifadhi ya wanyamapori ambalo vijiji vyenyewe vililitenga. Msitu wa miombo hauna ukuta. Unatembea chini ya miti ya mitundu, udongo ni uleule, nyasi ni zilezile, na kumbe umeshaivuka bikoni, ile alama ya mpaka, iliyofunikwa na majani. Wapo madalali wanaouza upande wa pili wa bikoni hiyo kwa bei ya kutupa. Mnunuzi anajenga, analima, anachimba kisima, kisha siku inafika anaambiwa aondoke, na anaondoka mikono mitupu.

Nilipelekwa eneo moja la namna hiyo. Lilikuwa zuri mno. Palikuwa na mninga mnene ambao mikono yangu miwili haikuuzunguka, umesimama pale bila kovu la shoka, magamba yake yamepasukapasuka kwa uzee. Kijana aliyenipeleka aliusifu. Mimi ule mninga ndio ulionitia wasiwasi. Katika mkoa ambao mbao za mninga zinatafutwa hivi, mti wa ukubwa ule ukiwa kwenye ardhi ya mtu yeyote tu ungekuwa umeshageuka milango na vitanda zamani. Kitu fulani kilikuwa kinaulinda. Nikamwuliza mpaka wa hifadhi uko wapi, akasema uko mbali sana. Jioni yake nikamtafuta mrina asali kijijini. Hao ndio watu wa kuwauliza. Wanaingia msituni kwa kibali, wanatundika mizinga yao ya magome huko ndani, na kila mmoja wao anajua bikoni ilipo kwa sababu akikosea anakamatwa. Yule mzee alicheka kidogo, akaniambia, "Binti yangu, huo mti nimeupita miaka mingi. Uko ndani."

Sababu ya pili ni maji, na hii inafichwa na majira. Mvua za Tabora ni msimu mmoja: zinaanza Novemba na kwisha Aprili, basi. Miezi inayobaki ni kiangazi. Mtu anayekuja kutazama shamba mwezi Februari anaona kijito kinatiririka nyuma ya nyumba, anaona uyoga, anaona nyasi zinamfika kifuani, anatoa pesa. Oktoba akirudi anakuta mchanga. Ushauri wangu kwa yeyote ni kwenda Oktoba, na kufika saa kumi na mbili asubuhi, ukae njiani uangalie akina mama wanakwenda na ndoo upande gani na wanarudi baada ya muda gani. Ukitoka hapo hutahitaji kumwuliza muuzaji habari za maji. Kisha urudi tena Februari, kwa sababu kuna jambo la kinyume chake: mbuga. Udongo ule mweusi wa mfinyanzi ni mzuri kwa majaruba ya mpunga, lakini wakati wa mvua unameza baiskeli na pikipiki, na barabara uliyopita Oktoba huku vumbi likitimka inakuwa haipo. Nyumba iliyozungukwa na mbuga ni kisiwa kuanzia Januari.

Ukipenda mahali kwa sababu pana maji, nako kuna masharti. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, kwa hiyo ile ndoto ya kibaraza kinachotazama maji isahau, au isogeze nyuma. Nilitafuta pia upande wa Kigoma, maeneo ya Nguruka, ambako treni inapita na bonde la Malagarasi linaanza kujitanua. Ile ardhi inavutia. Lakini mabwawa yale ya Malagarasi na Muyovozi yana ulinzi wa kimataifa tangu mwaka 2000, yakiwa ya kwanza Tanzania kuingizwa kwenye Mkataba wa Ramsar, ule wa kulinda ardhi oevu, na pale nje ya eneo linalolindwa wavuvi, wakulima wa mpunga na wafugaji wameshapanga. Ukimya niliokuwa nautafuta haukuwa karibu na maji. Maji yanaita watu.

Halafu mbung'o. Aliyewahi kuumwa na mbung'o hasahau: anapenya shati, anafuata baiskeli kwa umbali mrefu, na akiona nguo ya buluu au nyeusi ndio kabisa. Anaua ng'ombe kwa ugonjwa wa nagana na anaweza kumpa mtu malale, ule ugonjwa wa usingizi. Historia ya ukiwa wa Tabora magharibi na ya sehemu za Kigoma huwezi kuisimulia bila yeye. Miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza iliwakusanya watu waliokuwa wametawanyika kwenye mapori ya malale, ikawaweka kwenye makazi ya pamoja. Walikoondolewa, msitu ukarudi, na mbung'o akatawala. Kwa hiyo pori unaloliona leo na kuliita la asili, mara nyingi lilikuwa shamba la mtu.

Hapo ndipo nafika kwenye matongo, na naomba msomaji atulie nami, kwa kuwa hili ndilo linalowaumiza wanunuzi wengi bila wao kujua lilikotoka.

Tongo ni mahali palipokuwa na mji wa watu, yaani makazi ya familia, wakahama. Unyamwezini yamejaa. Mengine ni ya wakati wa malale, mengine ni ya Operesheni Vijiji, ile ya kati ya 1973 na 1976, familia zilipoamriwa kuacha miji yao iliyotawanyika na kuhamia vijijini kwenye shule, zahanati na barabara. Baadaye wengine walirudi mashambani kwao kimyakimya, wengine hawakurudi, na wajukuu zao wako Urambo, Mpanda, Dar. Ardhi ile imekaa. Hakuna anayelima, hakuna uzio, hakuna karatasi. Lakini ukitembea polepole unaona. Mwembe mkubwa katikati ya miombo, na mwembe haujioteshi wenyewe katikati ya msitu mkavu. Kuna mtu aliupanda na kuumwagilia. Mstari wa minyaa uliokwenda pembe nne. Chini ya majani, jiwe la kusagia limelala, tumbo lake limebonyea kwa kusuguliwa na mikono ya wanawake wa miaka mingi. Niliwahi kuinama nikapitisha kiganja kwenye bonde lile la jiwe, lilikuwa laini kama sabuni iliyotumika. Ukiona vitu hivyo, usilipe kwanza. Uliza makaburi yako wapi.

Kijijini kila mtu anajua tongo fulani ni la ukoo gani. Atakayekuuzia huenda ni mpwa, au shemeji, au mtu aliyewahi kuazimwa tu alime mahindi. Utajenga, na mwaka wa tatu watakuja vijana watatu na mzee mmoja wenye heshima zao, watakusalimia vizuri, watakuonyesha babu yao alipolala. Baraza la Ardhi la Kijiji likikaa, wazee wale saba (sheria inataka wanawake wasipungue watatu) watauliza majirani, na majirani watasema kweli. Mwembe porini una mashahidi wengi kuliko karatasi ya dalali.

Sasa shamba langu mwenyewe. Liko nje ya lami ya Tabora kwenda Mpanda, mwendo wa pikipiki, na kijiji sitakitaja kwa kuwa niliwaahidi. Lilikuwa tupu kwa sababu ya tumbaku. Familia ililima tumbaku pale tangu baba yao akiwa kijana. Tumbaku ya mvuke inakaushwa kwa kuni, na bani moja, lile banda la kukaushia, linakula msitu. Waliikata miti ya jirani, wakasogea, wakakata ya mbele, udongo wa kichanga ukachoka hata kwa mbolea, na lami ilipokuja watoto wakataka kukaa karibu na barabara. Wakahama. Kilichobaki ni bani lililoezuliwa, matofali ya kuchoma bado mazima, na ndani ukutani zimebaki fito walizokuwa wakining'inizia majani, nyeusi tii, ukinusa bado zinanukia moshi mtamu.

Nilikaa na sababu hiyo nikaipima. Udongo umechoka kwa tumbaku. Mimi silimi tumbaku. Nataka muhogo, maembe, karanga kidogo na nyuki. Msitu umekatwa; lakini miombo ikikatwa bila kung'olewa huchipua kutoka kwenye kisiki, na pale visiki vilikuwa vimeshatoa vijana warefu kunizidi. Kisima chao cha mkono kilikauka kila Septemba. Hilo ni tatizo la pesa, na tatizo la pesa lina mwisho. Mbung'o wapo wachache. Hifadhi iko mbali, nimethibitisha kwa warina asali wawili ambao hawaongei wao kwa wao. Hakuna hata moja katika hizo ambalo siwezi kuishi nalo.

Kuna jambo moja zaidi lililonifanya nichague pale, na nalitoa bure kwa mtafutaji yeyote. Kabla ya kukubali eneo lolote, nilikuwa namwomba mtendaji wa kijiji anionyeshe mpango wa matumizi bora ya ardhi, ile ramani inayogawa kijiji katika makazi, mashamba, malisho, msitu wa kijiji na akiba. Watu wengi huangalia ramani hiyo kujua wanaruhusiwa kufanya nini. Mimi niliiangalia kujua majirani zangu wa miaka kumi ijayo watatokea upande gani. Eneo lililoandikwa akiba linaonekana tupu leo, na litagawiwa vijana watakapooa. Eneo lililoandikwa malisho litapita ng'ombe baada ya mavuno, na wafugaji wana haki yao, usijenge katikati ya njia ya mifugo halafu ulalamike. Shamba langu limepakana na msitu wa kijiji upande wa mashariki na kusini. Hapo hakuna atakayejenga, na mkutano mkuu wa kijiji ndio uliosema hivyo. Ukimya wa pande mbili umeandikwa kwenye mpango wa kijiji. Ningeupata wapi mwingine kwa bei ile?

Bei yenyewe: ekari moja ilinigharimu kiasi cha kodi ya miezi michache ya chumba cha kawaida cha Dar. Nilinunua saba. Kisima kirefu kwa mtambo kilizidi bei ya shamba zima, na mtu asipolipanga hilo tangu mwanzo atakwama na ardhi yake. Kijijini waliniambia kuna asilimia kumi ya kijiji juu ya mauzo. Desturi hiyo utaikuta sehemu nyingi, na nilichosema ni kimoja, nipewe stakabadhi. Tulielewana.

Taratibu sitazieleza zote. Ile ni ardhi ya kijiji, iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, na chini ya sheria hiyo muuzaji na mnunuzi hawamalizani wenyewe chini ya mti. Nilifikishwa kwa mwenyekiti wa kitongoji, nikafikishwa Halmashauri ya Kijiji, nikasimama mbele ya mkutano mkuu nikaeleza mimi ni nani, nimezaliwa wapi, nitafanya nini. Majirani wa mipaka walitembea mpaka wote na sisi, tukapanda minyaa mipya palipokuwa na mapengo. Muhtasari ukaandikwa, ukasainiwa, ukapigwa muhuri, na nina nakala. Kijiji kina cheti chake cha ardhi, kwa hiyo nimeomba hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina langu peke yangu. Kuna mzee mmoja aliyeuliza mume yuko wapi. Mtendaji akamjibu kwa upole kwamba sheria haimwulizi mwanamke swali hilo. Nilimshukuru kimoyomoyo, na yule mzee leo ni rafiki yangu.

Na hili la mwanamke peke yake msituni lazima nilizungumze wazi. Usukumani na Unyamwezini vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kosa lao ni macho yaliyoiva kwa moshi wa miaka ya kupikia kuni. Mimi sijazeeka, ila nitazeeka pale. Mwanamke anayeishi nyuma ya msitu, haonekani, hatembelewi, anakuwa hadithi kabla hajawa jirani, na hadithi ikishaanza huna pa kuikamatia. Sikuchukua hatari hiyo kwa wepesi. Nataka kutoonekana kutoka barabarani, sitaki kutojulikana. Misiba nakwenda, yote, na nakwenda mapema, nabeba kuni au ndoo ya maji, nakaa na akina mama mpaka wanapotoka. Zahanati ya kijiji nimejiandikisha. Mtoto akija kuuza mayai namkaribisha ndani aone nyumba ilivyo, akasimulie kwao kwamba kuna kitanda, meza, vitabu na paka.

Kisha kuna mwano. Ni ule ukelele wa hatari. Ukipigwa, kila anayeusikia anaacha alichoshika, anakimbia kuelekea unakotoka huku naye akiupiga, na hivyo unavuka kijiji kizima kabla mwizi hajafika mbali. Sungusungu, walioanzia huku kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe ulipozidi, waliujenga ulinzi wao juu yake, na asiyeitika anatozwa faini. Wakati wa kuchagua mahali pa kujenga nilikuwa nimeshaweka vigingi ndani kabisa, karibu na msitu. Yule mzee aliyeuliza habari za mume akaja na mkewe wakaangalia. Nyumba yao ndiyo ya karibu zaidi na yangu, ng'ambo ya mbuga, na haionekani hata kiangazi. Mzee akasema, "Mama, piga mwano tuone." Mkewe akarudi kwao kwanza. Tukampa muda wa kufika, nikapiga. Kimya. Nikapiga tena kwa nguvu zangu zote, kimya. Tukang'oa vigingi, tukasogea hadi kwenye kichuguu kikubwa kilichoko katikati ya shamba, nikapanda juu, nikapiga, na baada ya muda ikaja sauti yake nyembamba kutoka ng'ambo, ikiitika. Nyumba ikajengwa hapo. Na juu ya kichuguu hichohicho ndipo simu inaposhika mtandao.

Ina vyumba viwili na kibaraza. Matofali mengi yametoka kwenye bani, fundi ameyasugua lakini moshi haujatoka wote, mvua ikinyesha kuta zinanukia kidogo. Milango ni ya mbao za mkurungu kwa kuogopa mchwa. Bati limefungwa mfereji unaoingiza maji kwenye tangi, sola iko juu, umeme wa gridi umeishia kijijini na gharama ya nguzo za kuufikisha kwangu sijaitafuta. Kila Juni nalima mkanda mpana kuzunguka mpaka, kabla ya moto kichaa wa Agosti na Septemba. Mwaka jana moto ulikuja kutoka msituni usiku, ukafika kwenye mkanda, ukalala. Kwa nyoka nina tochi, viatu virefu na namba ya mwenye pikipiki ambaye anajua ni hospitali gani yenye dawa. Malaria ni nyingi Tabora, chandarua silali bila.

Siku nyingi simwoni mtu. Asubuhi nafanya hesabu za wateja wangu wa mjini, saa tano napanda kichuguu kutuma, mchana nalima au nalala. Ndugu zangu walidhani ningerudi baada ya mvua za kwanza. Mvua za kwanza nilikaa kibarazani nikazisikiliza tangu zilipoanza kwenye majani ya mbali hadi zilipofika juu ya bati, na hakukuwa na redio ya mtu yeyote kati yangu na zile mvua. Nilikuwa nimeisubiri sauti hiyo muda mrefu kuliko ninavyoweza kueleza.

Shamba lina masharti mawili, yote yameandikwa kwenye muhtasari. Warina asali wanapita kwenye njia yao ya zamani inayokata kona ya kusini kuingia msitu wa kijiji, na sitaifunga. La pili ni la familia iliyoniuzia. Baba yao na mama yao wamezikwa chini ya mwembe ulioko upande wa bani. Ekari ile ni yangu, lakini makaburi ni yao, wanayafyeka wao, na maembe ya mti huo wanachuma wao kila Desemba. Mwaka jana walikuja na kigari cha ng'ombe, watoto kumi na zaidi, wakashinda kutwa nzima. Waliniachia debe mbili.